Madoa Yanayobaki Ukurutu Ukilala

Kunjo la mkono wangu wa kulia, pale kwa ndani kiwiko kinapojikunja, nimelipaka dawa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wangu. Nilikuwa darasa la pili ukurutu ulipoamka hapo mara ya kwanza. Mama alikuwa akinivisha soksi mikononi usiku ili nisijikune, na asubuhi soksi zinakutwa chini ya kitanda, shuka lina vitone vya damu. Mwasho ulikuja ukaondoka, ukaja tena. Kilichokuwa kinabaki kila mara ni doa, pana kama kiganja cha mtoto, jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Ukubwani nimeenda harusi nyingi na gauni la mikono mirefu, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Anayelijua joto la mwezi wa pili anaelewa nilikuwa naficha nini.

Watu wenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi tunavyouita, hawaniulizi sana kuhusu mwasho. Wananiuliza dawa ya kutoa madoa. Nawaelewa kabisa. Mwasho unausikia mwenyewe, doa analiona kila mtu, na kila mtu ana la kusema. Lakini jibu la swali hilo linaanzia mahali ambapo muulizaji hakutarajia: kabla hujatafuta dawa ya doa, hakikisha kwamba unachokiita doa si ukurutu ambao bado uko macho.

Kiswahili chetu cha kila siku kinayaita yote makovu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Jaribu hivi. Fumba macho, kisha pitisha migongo ya vidole vyako taratibu kutoka penye ngozi ya kawaida hadi penye weusi. Kama vidole havikujua vimevuka mpaka saa ngapi, ngozi ni laini ileile mwanzo hadi mwisho, basi hilo ni doa: rangi imebadilika, umbo halijaguswa. Kama kuna bonde au kinundu, hilo ndilo kovu, na kovu lina matibabu yake mengine. Na kama vidole vimekutana na ukavu, magamba, vipele vidogo kama chenga za mchele, au ngozi nene iliyochorwa mistari mirefu, hapo hujafika kwenye doa bado. Huo ni ukurutu wenyewe, na unahitaji dawa ya ukurutu.

Kwa nini tunakosea? Kwa sababu kwa muda mrefu maelezo ya ugonjwa huu yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Yanasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani hivyo. Ukurutu ulio macho unaweza kuwa na rangi ya zambarau, ya kijivu, au kahawia iliyokolea tu. Mtu anaangalia, haoni wekundu, anasema ugonjwa umeisha yamebaki madoa. Usiku anajikuna bila kujitambua. Miezi inapita na doa haliondoki, naye anaamini ana madoa sugu. Nilikaa miaka kadhaa katika kosa hilo.

Sasa doa lenyewe linatokeaje?

Ngozi ya juu imejengwa kwa tabaka, na kila siku seli mpya zinazaliwa chini na kusukumwa juu hadi zifie na kupukutika. Sakafuni mwa tabaka hizo zimekaa seli zinazotengeneza rangi. Kazi yake ni kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, kuifungasha katika vifuko vidogo sana, na kuvigawa kwa seli jirani. Seli moja ya rangi huhudumia seli jirani 36 hivi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba idadi ya seli hizo kwa Mmakonde na kwa mtu wa Norway inakaribiana. Tofauti iko kwenye vifuko. Vyetu ni vikubwa zaidi, vimejaa zaidi, na huchelewa kuvunjwavunjwa vinapopanda juu pamoja na seli.

Ukurutu ukiamka, askari wa kinga ya mwili hujazana chini ya ngozi na kumwaga kemikali. Kemikali hizo zinaleta mwasho na joto, na pia zinaziamrisha seli za rangi zifanye kazi ya ziada. Melanini inazidi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, seli hizo zilikuwa na mtaji mkubwa tangu mwanzo, kwa hiyo ziada yake inaonekana wazi na inakaa muda mrefu.

Melanini hiyo ya ziada inaweza kubaki kwenye tabaka za juu, na doa likawa la kahawia au jeusi la kahawa. Hilo lina nauli ya kuondoka: kila seli inayopukutika inatoka na rangi yake. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa mwezi mmoja hadi miwili, lakini kwa sababu seli za rangi hazitulii siku moja, doa la namna hii huchukua kama miezi 6 hadi 12 kufifia. Au ukurutu ukiwa mkali, au wa muda mrefu, au umekunwa mpaka ukachubuka, sakafu yenyewe inaharibika na rangi inadondoka chini, kwenye ngozi ya ndani. Kule inamezwa na seli mlaji, nazo hukaa nayo hapohapo. Waliochanjwa chale zikapakwa masizi wanayo mfano wake mwilini: masizi hayatoki kwa sabuni wala kwa miaka, kwa kuwa yamemezwa na seli za aina hiyohiyo. Doa lililozama hivyo lina rangi ya kijivu inayokaribia ubuluu, kama risasi ya penseli. Huchukua miaka, na mengine hayaishi yote.

Hapa ndipo utaona kwa nini kusugua ni kosa. Dodoki la nailoni, jiwe la miguu, taulo gumu, vyote vinakwangua ngozi ya juu na kuiumiza, na ngozi iliyoumia inaita askari walewale, wanaomwaga kemikali zilezile. Unajitengenezea doa jipya juu ya la zamani. Kila ukucha unaopita hapo, hesabu ya miezi inaanza upya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuulaza ukurutu, na kuuacha ulale.

Nije kwenye krimu inayosingiziwa kila kitu: krimu ya steroidi, dawa inayowatuliza wale askari wa kinga kwenye ngozi. Wapo wanaosema inachubua, na wapo wanaosema imewaachia weusi. Ukiyaweka mashtaka hayo mawili pamoja utaona yanapingana, lakini yote yametoka kwenye jambo ambalo mtu ameliona kweli.

Tuanze na weusi. Mgonjwa anapaka krimu, mwasho unaisha, magamba yanaondoka, ngozi inakuwa laini, na ghafla anaona pamebaki peusi. Anasema dawa imenichoma. Mafuriko yakipungua bonde la Jangwani, Dar es Salaam, matope ndiyo yanayoonekana. Hakuna anayelilaumu jua kwa kuleta matope. Doa lilikuwa linatengenezwa wiki zote ukurutu ulipokuwa macho, ila lilikuwa limefunikwa na magamba. Dawa imelifunua tu, na imelizuia lisizidi. Ukitaka kupunguza madoa ya kesho, hiyo krimu ya leo, ikitumika sawasawa, ndiyo yenye nguvu kuliko kipodozi chochote.

Kuchubua nako kupo. Steroidi kali zikipakwa muda mrefu hupunguza kazi ya seli za rangi na ngozi inapauka. Mara nyingi rangi hurudi dawa ikisimamishwa. Visivyorudi ni vingine: ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na michirizi kwenye mapaja, makwapa na kinena.

Basi kupaka sawasawa ni kupi? Steroidi zina ngazi. Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni ya chini, ndiyo ya uso na ya watoto wadogo. Betamethazoni ni kali, ya mikono, miguu na kiwiliwili. Klobetasoli iko juu kabisa, ya sehemu ngumu kama viganja na nyayo na ngozi iliyokuwa nene, kwa muda mfupi na kwa kuelekezwa. Kipimo chake hakihitaji mizani: kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Unapaka mpaka ngozi iwe bapa na laini kwa vidole, si mpaka rangi irudi. Tofauti hiyo naomba uishike vizuri, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Rangi haitarudi kwa steroidi. Anayeendelea kupaka akisubiri doa lififie ndiye anayeishia na michirizi. Ukurutu ukilala, unaacha kupaka kila siku, na kwa wale ambao unaamka palepale kila mwezi, madaktari wengi huwaelekeza wapake siku mbili tu za wiki pale panapopenda kuamka, ili usiamke.

Kosa langu mimi lilikuwa la kinyume. Nilikuwa naiogopa. Napaka siku tatu, mwasho unapungua, naitupa kwenye droo. Baada ya wiki moja ukurutu uko macho tena. Nusu dozi hizo za miaka yote ndizo zilizonichorea mikono, kwa sababu ugonjwa haukuwahi kulala usingizi mzito hata mara moja. Kwa uso na kope, pale ambapo steroidi ina hatari zaidi, ipo pia dawa isiyo steroidi iitwayo takrolimasi, ya kupaka. Ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini inafaa kuiuliza.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na sisi, nayo ni zile krimu za tatu kwa moja zinazouzwa duka la dawa bila cheti: ndani mna steroidi, mara nyingi betamethazoni au klobetasoli, mna dawa ya fangasi, na mna antibiotiki. Mtu anapaka usoni kwa chunusi, kwa mba, kwa ukurutu, kwa chochote. Wiki ya kwanza uso unang'aa. Baada ya miezi, akiacha siku mbili, uso unawaka, unavimba, unatoa vipele, naye anairudia. Aliyefika hapo asiache peke yake kwa hasira siku moja. Aende kwa daktari amshushe taratibu.

Matunzo ya kila siku hayana siri kubwa. Maji yasiwe ya moto sana, kuoga kusizidi dakika kumi hivi, sabuni iwe ile isiyo na harufu kali, na sabuni ya mche ibaki kwa nguo. Sabuni za kuua vijidudu ambazo tumelelewa tukiambiwa ndizo za mwenye ngozi mbaya, zinakausha ngozi ya mwenye ukurutu vibaya sana. Jipanguse kwa kugusisha taulo, ngozi ikiwa bado na unyevu upake mafuta. Mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa, yasiyo na manukato, ni bora kuliko losheni nyingi za bei kubwa, kwa sababu yanaziba maji yasitoke na hayana cha kumwasha mtu. Mafuta ya nazi safi nayo yanafaa kwa wengi, na yana uwezo wa kupunguza bakteria wanaopenda kukaa kwenye ngozi ya ukurutu. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaheshimu, yamepimwa na kuonekana yanalegeza ukuta wa ngozi. Yaache kwa chakula. Liwa na udi viwe vya nguo na vya ngozi iliyotulia. Kata kucha. Ukiwashwa, bonyeza kwa kitambaa chenye maji baridi badala ya kukuna. Mwasho haukubali kupuuzwa, ila unakubali kudanganywa.

Mwaka juzi binti wa mama mdogo alinijia na kopo dogo jeupe la plastiki. Halikuwa na jina, halikuwa na tarehe, halikuwa na orodha ya vilivyomo. Ndani mlikuwa na krimu ya rangi ya manjano mpauko, yenye harufu ya waridi na chini yake harufu nyingine, kama ya sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia, "Mdogo wangu, paka usiku tu, wiki mbili mguu mzima utakuwa rangi moja. Ila vua cheni na bangili." Alikuwa na madoa ya ukurutu miguuni na mahafali yalikuwa yanakaribia.

Ulikuwa mkorogo. Na hilo la kuvua cheni na bangili lilinitisha kuliko harufu. Maelekezo ya kutogusisha krimu na dhahabu au fedha ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja za krimu yenye zebaki, kwa sababu zebaki huharibu madini hayo. Zebaki kweli inazuia melanini. Pia inapenya ngozi na kwenda kwenye figo. Jambo hili si geni kwetu: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida kubwa la kitabibu la Uingereza taarifa ya wagonjwa waliovimba miili kwa figo kuvujisha protini, na wengi wao walikuwa watumiaji wa krimu za zebaki za kujichubua. Zaidi ya nusu karne imepita. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kuziwekea mipaka, na mkutano wake wa Geneva mwaka 2023 uliamua vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025, bila kubakiza kiwango kinachoruhusiwa. Kopo lisilo na jina halisomi mikataba. Na zebaki haimkai anayepaka peke yake. Inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwa mtoto anayebebwa.

Kilichozoeleka zaidi ndani ya mkorogo ni haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi, ikichanganywa na steroidi kali. Haidrokwinoni yenyewe ni dawa halali mikononi mwa daktari, nitairudia. Lakini ikipakwa kwa kipimo kikubwa, miaka, kwenye jua letu, inaweza kugeuka na kuleta weusi wa bluu wenye chembechembe kama za masizi, mashavuni na chini ya macho. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu hizo, na mwaka 1990 nchi hiyo ikazuia haidrokwinoni katika vipodozi. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Weusi huo wa bluu karibu hauna tiba. Ndiyo maana nasema anayekimbilia mkorogo kwa ajili ya doa ambalo lingefifia lenyewe kwa mwaka mmoja anaweza kulibadilisha na lisilofifia kabisa.

Ndimu nayo niitaje, maana inaonekana haina hatia. Maji ya ndimu au limau yana kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi huichoma. Siku moja au mbili baadaye panawaka, pengine panatoa malengelenge, na baada ya hapo panakuwa peusi kwa miezi. Mtu aliyepaka ndimu kuondoa doa, akatoka kwenda sokoni, amefanya hasa kile kinacholeta doa. Magadi ya kuokea, dawa ya meno na dawa ya kufulia nguo nyeupe nisiseme mengi: vinaunguza, na ngozi iliyoungua inajibu kwa weusi.

Sasa tuseme ukurutu umelala. Umepitisha vidole ukiwa umefumba macho, laini. Hujaamka usiku kujikuna kwa mwezi mzima au zaidi. Je, kuna cha kuharakisha?

Kipo, ila taratibu, na cha kwanza ni jua. Mwanga unazichochea seli za rangi kazini, na kwa ngozi nyeusi si ile miale ya urujuanimno peke yake inayofanya hivyo. Hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaongeza weusi. Ndiyo maana losheni ya jua isiyo na rangi haitoshi kwa doa la usoni. Zile zenye rangi ya kahawia, zilizotiwa oksidi ya chuma, ndizo zinazozuia mwanga huo, na hazikuachi na uso mweupe kama uliopakwa unga. Kwa mikono na miguu, mtandio, kanga au kitenge kinafanya kazi nzuri kuliko chupa yoyote.

Katika dawa za kupaka, mimi ningeanza na zile pole. Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, inapunguza ugawaji wa vile vifuko vya rangi kwenda kwa seli jirani, na wakati huohuo inaimarisha ukuta wa ngozi, jambo ambalo mwenye ukurutu analihitaji kwa vyovyote. Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 hadi 20, inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini na inazigusa zaidi seli zilizochachamaa kuliko zilizotulia. Inafaa hata kwa wajawazito. Inaweza kuchonyota mwanzoni, kwa hiyo ijaribu kwenye eneo dogo kama sarafu kwa siku kadhaa kabla ya kuisambaza. Asidi ya kojiki, inayouzwa sana kwenye sabuni, ina tabia ya kuleta mzio kwa ngozi nyepesi kuamka. Mimi siishauri kwa mwenye ukurutu.

Tretinoini, ambayo ni dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, na haidrokwinoni ni za daktari. Mwaka 1975, mwaka uleule wa taarifa ya Afrika Kusini, Albert Kligman na Isaac Willis wa Marekani walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi ambao madaktari wa ngozi wanaendelea kuutumia, kwa kuurekebisha, hadi leo. Utaona kwamba mkorogo ni kama mwigo wake wa gizani: viungo vinafanana, ila hakuna aliyepima, hakuna aliyeweka mwisho. Daktari huweka mwisho wa miezi mitatu hivi, huchunguza, husimamisha. Tretinoini inaamsha ukurutu kwa urahisi na haitumiki kwenye ujauzito. Ama leza na kuchuna ngozi kwa asidi, kwenye ngozi yetu mkono usio na uzoefu huacha weusi zaidi ya uliokuta. Kwa madoa ya ukurutu sioni haraka ya kwenda huko.

Watoto wengine hawabaki na weusi bali weupe: mabaka mapau mashavuni, yenye ukungu kidogo, hasa baada ya kucheza juani. Wazazi wanaogopa, wengine wanasema ni fangasi, wengine lishe. Mara nyingi ni ukurutu mdogo uliopita hapo ukazituliza seli za rangi kupita kiasi. Mafuta na muda vinatosha. Lakini baka pau lisilohisi ukiligusa kwa pamba si ukurutu. Mpeleke hospitali apimwe ukoma, ambao una dawa, na dawa zake hutolewa bure.

Na si kila doa jeusi ni la ukurutu. Lipo la mviringo, jeusi la zambarau, mdomoni, mkononi au sehemu za siri, linalowaka na kukolea palepale kila umezapo dawa fulani, hasa za jamii ya salfa. Hilo ni la mzio wa dawa, na tiba yake ni kuijua dawa hiyo na kutoimeza tena. Andika jina lake mahali na umwonyeshe kila daktari. Vipo vipele vya kuwasha vya mikono na miguu vinavyoacha madoa mengi madogo, ambavyo wakati mwingine ni ishara ya VVU. Kipimo ni cha bure na kinaondoa mashaka. Zipo fangasi, ambazo steroidi huzificha na kuzilisha. Ikiwa umepaka dawa ya ukurutu kwa usahihi wiki mbili na hapajatulia, acha kubahatisha. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya kanda nzima, na wahitimu wake, madaktari pamoja na maofisa tabibu waliosomea ngozi, wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Ulizia hospitali ya mkoa kama ina mmoja wao kabla hujauliza dukani.

Binti wa mama mdogo alikwenda kwenye mahafali na soksi ndefu. Kopo tulilifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki na kulipeleka hospitali badala ya kulitupa jalalani, kwa sababu zebaki ikitupwa inaingia kwenye maji. Miguu yake wakati ule ilikuwa na ukurutu ulio macho kabisa, magamba tele. Ilihitaji betamethazoni na mafuta ya mgando, na ndivyo alivyoandikiwa.

Nilimfundisha kitu kimoja ninachokifanya mwenyewe: kupiga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile ya asubuhi, bila taa. Jicho linalotazama kila siku haliamini kwamba kuna kinachobadilika. Kunjo la kiwiko changu lilichukua miezi kumi na minne tangu ukurutu ulale usingizi wa kweli, na kwenye picha ya mwezi wa sita ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba kingo za doa zimeanza kuingia ndani. Nyuma ya goti la kushoto bado pana kijivu. Hapo ndipo nilipojikuna miaka mingi zaidi, na sasa hapapati kitu isipokuwa mafuta ya mgando nikitoka kuoga.